Bastola za kale zenye nakshi: mwongozo kamili wa kutambua kazi ya kweli kabla hujalipa

Wanaoanza kukusanya bastola za Marekani za zama za makauboi hukwama mahali palepale. Wanaonyeshwa Colt au Smith & Wesson iliyojaa majani na mizunguko ya nakshi kuanzia mdomo wa mtutu hadi mpini, wanauliza kama bastola ni ya kweli, wanajibiwa ndiyo, wanalipa. Na jibu ni sahihi: bastola ni ya 1880. Nakshi ndiyo imechongwa juzi.

Hasara yake ni kubwa. Umelipa bei ya nakshi ya kale kwa nakshi mpya, na bastola ambayo ingekuwa na thamani yake ikiachwa bila nakshi imeshaharibiwa, maana chuma kikichongwa hakirudi. Kwa hiyo usiulize tu kama bastola ni ya kweli. Uliza kama nakshi ina umri sawa na chuma kilichobeba nakshi hiyo. Hatua zote hapa chini zinalitafutia swali hilo jibu, na zimepangwa makusudi: bastola nyingi zitaanguka kwenye hatua za mwanzo, kabla hujapoteza muda na majani yake.

Ninazozizungumzia ni bastola za silinda zilizotengenezwa Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1840 hadi 1898: Colt za fataki (zinazoshindiliwa baruti na risasi chemba kwa chemba na kuwashwa na kifuniko kidogo cha fataki), Colt Single Action Army iliyoanza 1873, Smith & Wesson Model 3, Remington na Merwin Hulbert.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kioo cha kukuzia mara 10, kile wanachotumia masonara. Bila hiki usinunue chochote.
- Tochi ndogo yenye mwanga mwembamba. Utaimulika kwa ubavu, mwanga ulale juu ya chuma, ili kila mkato utoe kivuli.
- Taa ndogo ya miale ya urujuani, kama ile ya kukagulia noti. Ni ya kukagua mipini.
- Kijiti cha mbao kilichonyooka, chembamba kuliko tundu la mtutu, na vijiti vya meno vya mbao.
- Glavu za mpira mwembamba. Jasho la kidole huanzisha kutu, na kutu huacha alama ya kidole isiyofutika.
- Bisibisi za fundi bunduki, zenye ncha iliyonyooka inayojaa kwenye mfereji wa skurubu. Bisibisi ya kawaida ina ncha ya kabari, itateleza na kung'oa kichwa cha skurubu.
- Kipimo cha milimita na inchi, kamera, na daftari.
- Picha kubwa za bastola ambazo asili yake imethibitishwa. Wadsworth Atheneum ya Hartford ina mkusanyiko wa Samuel Colt mwenyewe, ulioachwa na mjane wake Elizabeth. Metropolitan Museum ya New York, Autry ya Los Angeles na jumba la bunduki la Cody, Wyoming, nazo zina vipande vizuri. Zitazame mpaka jicho lizoee, kabla hujatazama cha kununua.

## Hatua ya 1: Jua sheria kabla ya kutoa pesa

Marekani, sheria ya shirikisho inahesabu bastola iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na haiiwekei masharti ya silaha ya kisasa. Kinachohesabiwa ni mwaka wa fremu. Kwa Colt Single Action Army, namba iliyo chini ya 182,000 inakuweka upande salama. Ila majimbo yana sheria zao, na mengine ni makali, kwa hiyo soma ya jimbo lako.

Uingereza mambo ni tofauti kabisa. Huko wanatazama aina ya risasi. Kanuni za 2021 zilitoa baadhi ya risasi kwenye orodha ya zile zilizopitwa na wakati, zikiwemo .44 Smith & Wesson Russian na .41 Colt. Nayo .45 Colt bado inatengenezwa na kuuzwa, kwa hiyo Single Action Army ya .45 (maarufu kama Peacemaker) huko ni silaha kamili hata kama ina miaka 140. Ndugu zetu walioko London na Leicester wanaotaka njia nyepesi huanza na bastola za fataki.

Kenya, Tanzania, Uganda na nchi za Ghuba: usidhani kwamba msamaha wa Marekani unasafiri na bastola. Omba kibali cha maandishi kutoka kwa mamlaka ya silaha kabla ya kuagiza, na ukikosa kibali, usiagize. Bastola iliyokamatwa bandarini hairudi, na mwenye jina kwenye mzigo ndiye atakayejibu mashtaka.

Sheria ya pembe za ndovu ni mlango wa pili. Nitaifikia kwenye mipini.

Umefaulu ukiwa na jibu la maandishi kuhusu nchi yako na jimbo lako, kwa aina hiyo hasa ya bastola unayoitaka.

## Hatua ya 2: Hakikisha haina kitu ndani

Usiruke hatua hii hata kama muuzaji ni mzee unayemheshimu na anaapa. Baruti nyeusi iliyokaa kavu ndani ya chemba haipotezi nguvu kwa sababu ya umri, na bastola za fataki zilizotundikwa ukutani zikiwa na shehena tangu karne ya 19 hupatikana bado.

Elekeza mtutu pasipo mtu. Kwa Single Action Army, vuta nyundo mpaka nusu, fungua kilango cha upande wa kulia, zungusha silinda na utazame matundu yote sita moja moja. Kwa Smith & Wesson Model 3, vuta nyundo nusu, inua komeo lililo mbele ya nyundo na uikunje bastola; matundu yote yataonekana pamoja.

Kwa bastola ya fataki, kukosekana kwa fataki kwenye chuchu (kijibomba cha nyuma ya chemba kinachovishwa fataki) hakutoshi. Mulika kila chemba kutoka mbele ya silinda. Ukiona kitu cha kijivu kimeziba, ni risasi. Usijaribu kuitoa, usitoboe, usipashe moto. Ipeleke kwa fundi bunduki anayejua baruti nyeusi.

Ukimaliza, usifyatue nyundo kavu kwa kuijaribu. Springi na meno ya ndani yana umri wa babu wa babu yako. Vuta taratibu huku kidole gumba kimeishika nyundo. Single Action Army yenye afya hutoa milio minne, mmoja baada ya mwingine. Ukisikia mitatu, kuna jino lililovunjika.

## Hatua ya 3: Itambue bastola, na usiangalie nakshi

Hapa kuna nidhamu ambayo wengi hawana. Nakshi inavuta jicho, nalo jicho likishavutwa halioni tena namba. Kwa dakika kumi, jifanye bastola haina nakshi.

Nchi. Tafuta alama ya herufi ELG ndani ya duara refu kama yai. Hiyo ni alama ya majaribio ya Liège, Ubelgiji. Wabelgiji walitengeneza Colt nyingi za kuiga, na nyingi waliziwekea nakshi. Mafundi wa Eibar, Hispania, walifanya hivyohivyo kwa Smith & Wesson, wakati mwingine na dhahabu juu yake. Ni vitu halali vya kukusanya, ila bei yake si ya Colt halisi ya Hartford.

Umri. Tangu miaka ya 1950 Waitalia wanatengeneza nakala za bastola hizi. Nakala zao hubeba alama za majaribio za Italia, pamoja na herufi ndani ya kisanduku kidogo zinazotaja mwaka. Mlaghai huzisaga. Kwa hiyo mulika chini ya mtutu na chini ya mkono wa kushindilia, utafute mahali ambapo chuma kimeinama kidogo au kina mistari ya msasa inayoelekea upande tofauti na kwingine. Chuma hakiinami chenyewe.

Namba. Kwa Single Action Army, namba hukaa chini ya fremu, kwenye kikingio cha triga na kwenye chuma cha nyuma ya mpini. Hizo tatu zilingane. Colt za fataki zimegongwa namba sehemu nyingi zaidi: mtutu, fremu, kikingio, chuma cha nyuma, silinda, hata kabari inayoshikilia mtutu. Kwenye baadhi ya Colt za fataki zilizotengwa kwa ajili ya nakshi, kiwanda kiligonga nukta ndogo kando ya namba. Ukiiona, ni neema. Usipoiona, usikate tamaa.

Alama za jeshi. Single Action Army yenye herufi U.S. upande wa kushoto wa fremu ilinunuliwa na serikali kwa ajili ya wapanda farasi. Jeshi halikuagiza majani na maua. Bastola ya U.S. yenye nakshi tele ichukue kuwa imechongwa baadaye mpaka hati ikwambie vingine. Na ni uharibifu wa kusikitisha, kwa sababu wakusanyaji wa vitu vya jeshi wangeilipia vizuri ikiwa safi.

Umefaulu ukiweza kuandika kwenye daftari: kiwanda, aina, mwaka wa karibu, kipenyo cha risasi, urefu wa mtutu, na namba zote. Urefu wa kawaida wa Single Action Army ni inchi 7½, 5½ au 4¾. Ukipata inchi sita na robo, shuku msumeno.

## Hatua ya 4: Tenganisha picha ya mashine na kazi ya mkono

Kila wiki kuna mtu anayetangaza "Colt yenye nakshi" kwa sababu silinda yake ina meli za vita. Colt Navy ya 1851 ina meli hizo karibu kwenye kila silinda. Picha ilichorwa na Waterman Ormsby wa New York, inaonyesha mapigano ya baharini ya tarehe 16 Mei 1843, na iligongwa kwa kuviringisha silinda dhidi ya rola ngumu. Colt Pocket ya 1849 ina majambazi wakivamia gari la farasi. Dragoon zina wapanda farasi wakipigana na Wahindi Wekundu. Hiyo ni sura ya kiwanda, haiongezi bei ya nakshi hata senti.

Kwa mpekuzi, hata hivyo, picha hiyo ni zawadi. Imegongwa kina kidogo sana, kwa hiyo ndiyo inayofutika mwanzo. Bastola ya fataki iliyochongwa na kiwanda kwa kawaida ilibakiza picha ya rola kwenye silinda, na majani ya mkono yakakaa kwenye fremu na mtutu. Vyote viwili vimeishi pamoja ndani ya ala ileile. Ukikuta meli zimefutika zote, silinda nyororo kabisa, ilhali majani ya fremu yana kingo kali zinazokwaruza ncha ya kidole, historia mbili hizo hazilingani.

Ruhusu tofauti kidogo, maana mkato wa mkono una kina zaidi na hudumu zaidi. Ila tofauti iwe ya ndugu, isiwe ya vizazi viwili.

## Hatua ya 5: Isome mikato chini ya kioo

Hii ndiyo hatua yenyewe. Jipe muda wa kutosha, mwanga wa ubavu, na utulivu. Muuzaji anayekuharakisha hapa amekwishakujibu.

Anza na upako. Mpangilio wa kazi katika karne ya 19 ulikuwa hivi: fundi anachonga chuma kikiwa bado laini, baada yake fremu inagumishwa kwa moto, kisha sehemu zinapakwa nikeli, fedha, au zinatiwa rangi ya buluu. Maana yake upako uliingia ndani ya mkato. Miaka inapopita, ala na mkono vinachubua sehemu zilizoinuka, huku upako ukibaki umejificha chini kwenye mifereji.

Basi chagua jani moja upande wa fremu. Weka kioo. Nikeli ikiwa imechubuka kwenye kingo na bado inang'aa chini ya mkato, umeona dalili bora kuliko zote. Ikiwa kinyume, nikeli iko salama pande zote mbili za mkato na chini kuna chuma kitupu cha kijivu, basi kisu kilipita baada ya upako. Hakuna maelezo ya muuzaji yatakayolibadilisha hilo.

Kuna hali ya tatu: upako mzito, mweupe, umefunika kila kitu sawasawa, hadi ndani ya vishimo vya kutu. Bastola imepakwa upya. Upako mpya unaweza kuficha nakshi mpya, nao pia unaweza kufunika nakshi ya kweli. Hapo huna ushahidi, na bila ushahidi lipa bei ya bastola isiyo na nakshi.

Kisha vishimo vya kutu. Kutu ya miaka mingi hula chuma na kuacha vishimo. Kwenye nakshi ya kale, kishimo huula mkato: mstari unafika ukingoni, unapotea ndani ya kishimo, unaendelea ng'ambo ukiwa na mdomo uliomong'onyoka. Kwenye nakshi mpya iliyochongwa juu ya chuma kilichooza, mstari unakata kishimo katikati, mkali na safi, na kishimo kimebaki na nusu zake mbili. Ukiona jambo hili mahali pamoja tu, tafuta la pili. Ukipata la pili, rudisha bastola mezani.

Uchakavu. Bastola huchakaa mahali panapojulikana: karibu na mdomo wa mtutu inapoingia kwenye ala, mabega ya silinda, na chuma cha nyuma ya mpini ambacho kiganja hukibana. Nakshi lazima ififie hapo zaidi ya kwingine. Bastola ambayo chuma chake cha nyuma kimelainika kwa kushikwa, lakini majani yake yana makali sawa kila mahali, imechongwa na mtu baada ya mikono yote hiyo kupita.

Uchafu. Chini ya mikato ya kale mna mafuta yaliyoganda na vumbi la miaka mingi, kahawia au jeusi, gumu. Omba ruhusa, kisha gusa kwa kijiti cha meno. Uchafu wa kale hung'ang'ania. Ukitoka kwa mguso mmoja, mweusi na laini, unanuka rangi ya viatu, umetiwa makusudi.

Maandishi. Fundi wa zamani alipanga mizunguko yake ikaizunguka anwani ya kiwanda, tarehe za hataza na namba. Jani linalopita juu ya tarehe ya hataza linaonyesha mchongaji aliyekuta bastola imekwishagongwa, ikatumika, na hakujali. Angalizo kwa wenye Colt ya .44-40: maneno COLT FRONTIER SIX SHOOTER kwenye mtutu wa bastola za kabla ya 1889 hivi yaliandikwa kwa tindikali, na ni mepesi sana. Hayo ni ya asili. Usiyasugue.

Skurubu. Kwenye kazi nzuri ya kiwanda, vichwa vya skurubu navyo vilichongwa, na muundo huendelea kutoka kwenye fremu hadi kwenye kichwa skurubu ikiwa imekazwa. Skurubu tupu katikati ya bahari ya majani huenda ilibadilishwa. Skurubu zote tupu ni swali zito.

Umbo la mkato. Patasi ya mkono ikisukumwa au kugongwa kwa kinyundo huacha mfereji wa V wenye kuta zinazong'aa, na kwenye kona utaona vijihatua vidogo pale mkono ulipogeuka. Tindikali na leza huacha sakafu bapa yenye chembechembe. Tatizo liko kwa mafundi wa leo wenye patasi za kusukumwa na hewa: mikato yao ni ya V, safi mno, na inalingana kupita kiasi. Kwa hiyo usitegemee umbo peke yake.

Umefaulu ukiwa na angalau dalili tatu tofauti zinazosema umri mmoja. Dalili moja haitoshi kukubali. Dalili moja mbaya, kama chuma kitupu ndani ya upako, inatosha kukataa.

## Hatua ya 6: Linganisha mkono wa fundi

Usianze na saini. Herufi LDN, saini ya mchongaji Louis Nimschke, ni rahisi kughushi kuliko jani lake moja. Anza na mtindo, saini ije mwisho.

Gustave Young, mzaliwa wa Ujerumani, aliongoza nakshi za Colt tangu miaka ya 1850, kisha akahamia Smith & Wesson huko Springfield, ambako wanawe Oscar na Eugene walimfuata. Majani yake yamejaa, mizunguko imebana, na kwenye Colt zake nyundo mara nyingi ina kichwa cha mbwa mwitu. Nimschke alifanya kazi New York, akichongea maduka na viwanda vingi, na alihifadhi kitabu cha nakala za kazi zake zilizotolewa kwa masizi kwenye karatasi. Nakala hizo zilichapishwa, na ni msaada usio na kifani: unaweza kulinganisha mzunguko kwa mzunguko. Cuno Helfricht aliongoza nakshi za Colt kuanzia 1871 hadi 1921, kwa hiyo Single Action Army nyingi za kiwanda zimetoka kwake au kwa watu wa karakana yake, na kwa kawaida hazina saini. Merwin Hulbert zina desturi yao: muundo uliojengwa kwa nukta nyingi zilizogongwa, badala ya mistari mirefu.

Usijaribu kumtaja fundi kwa uhakika ukiwa mgeni. Inatosha kusema "mtindo wa Young" au "si mtindo wa zama zile". Muuzaji anayetaja jina kubwa bila kuonyesha kipande cha kulinganisha anauza jina.

## Hatua ya 7: Kagua mpini

Bastola zenye nakshi mara nyingi zilivalishwa mipini ya pembe za ndovu au ya ganda la chaza la lulu, wakati mwingine ikiwa imechongwa tai wa Mexico au kichwa cha ng'ombe. Hapa wasomaji wa pwani wana sehemu yao katika habari hii. Pembe nyingi zilizoingia Connecticut katika karne ya 19 zilipitia Unguja. Viwanda vya Deep River na Ivoryton vilizikata kuwa vibao vya piano, na Hartford ya Colt iko jimbo hilohilo. Mpini unaoushika huenda ulitoka bara mabegani mwa wapagazi hadi Bagamoyo. Ushike kwa heshima hiyo.

Chini ya mpini, mahali pembe ilipokatwa kwa upana, tafuta mistari miembamba inayopishana kama wavu. Hiyo ni pembe. Mfupa hauna wavu, una vidoa vidogo vyeusi vya mishipa. Plastiki haina kimoja wala kingine, au ina mistari iliyonyooka mno, sambamba. Chini ya taa ya urujuani pembe ya kale hung'aa weupe wa buluu. Plastiki nyingi hubaki butu. Usitumie sindano ya moto, wauzaji wa zamani waliitumia na wakaacha matundu.

Pembe husinyaa. Mpini wa kweli wenye miaka mia na ushei mara nyingi umerudi ndani kidogo ya ukingo wa chuma, na una nyufa nyembamba. Mpini unaokaa barabara kwenye chuma kilichochakaa umewekwa karibuni.

Onyo la sheria. Marekani iliziba karibu biashara yote ya pembe za ndovu za Afrika mwaka 2016. Kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 100 kina nafasi, lakini mwenye kuuza ndiye anayetakiwa kuthibitisha umri, na California, New York na New Jersey wana makatazo yao. Uingereza ina sheria yake iliyoanza kutumika 2022. Kuvusha mpini wa pembe mpaka wowote bila hati za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) ni kosa, na Afrika Mashariki mzaha haupo kabisa katika jambo hili. Kama huna uhakika, nunua yenye mpini wa mbao au wa mpira mgumu wenye tai, ambao Colt waliuanza miaka ya 1880.

## Hatua ya 8: Pata barua ya kiwanda na uisome neno kwa neno

Colt wana idara ya kumbukumbu inayotoa barua kwa malipo, kwa kufuata namba ya bastola. Kwa Smith & Wesson kuna taasisi yao ya historia. Barua hutaja kipenyo, urefu wa mtutu, upako, mpini, tarehe ya kusafirishwa, na aliyepelekewa. Kwa Single Action Army daftari nyingi zipo. Kwa Colt za fataki ni chache sana, na hapo utategemea macho yako.

Isome hivi. Ikisema bastola ilichongwa kiwandani, linganisha kila kitu kingine. Barua inayosema nikeli na inchi 5½ haiwezi kuwa ya bastola ya buluu yenye inchi 7½.

Ikisema bastola ilitoka ikiwa "laini" na kupelekwa New York, kwa mfano kwa wafanyabiashara Hartley & Graham, furahi. Iliachwa bila kugumishwa ili mafundi wa New York waichonge. Nakshi ya namna hiyo haikufanywa kiwandani, lakini ni ya zama zile, na wakusanyaji huithamini sana.

Ikisema buluu, mpini wa mpira, bila neno lolote la nakshi, basi mzigo wa kuthibitisha umehamia kwa muuzaji.

Mfano wa ushahidi mzuri ni barua ya Bat Masterson, askari mashuhuri wa zama za makauboi, kwa Colt, ya tarehe 24 Julai 1885. Aliagiza bastola ya .45, nikeli, triga nyepesi, mtutu ulingane na fimbo ya kutolea maganda, na shabaha ya mbele iwe ndefu na nene kidogo kuliko kawaida. Bastola inayodaiwa kuwa hiyo inapimwa kwa maneno hayo, sehemu kwa sehemu. Ukiambiwa yako ilikuwa ya mtu mashuhuri, dai karatasi ya kiwango hicho. Hadithi ya familia bila karatasi usiilipie hata dola moja.

Umefaulu ikiwa barua imetoka moja kwa moja kwa idara, kwa namba uliyoisoma mwenyewe. Nakala aliyokuletea muuzaji uithibitishe.

## Hatua ya 9: Weka bei na ununue

Gawanya bei katika sehemu tatu: bastola bila nakshi, nakshi, na historia. Andika kila moja peke yake, na usilipie sehemu isiyo na ushahidi. Historia inaweza kupita vyote: Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid iliuzwa Bonhams mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 6, na haikununuliwa kwa uzuri wa chuma chake.

Kwenye mnada, soma maelezo kwa makini. "Imechongwa kiwandani" ni dai. "Yenye nakshi" ni maelezo ya kinachoonekana tu, hayasemi lini. Kumbuka kamisheni ya mnunuzi, ambayo mara nyingi huvuka asilimia 15 juu ya bei iliyofikiwa mnadani, na nauli.

Kwa muuzaji binafsi, andikianeni: aina, namba, dai lake kuhusu nakshi, na haki yako ya kurudisha ndani ya muda mliokubaliana barua ikipingana na dai. Akikataa kuandika, mshukuru na uondoke.

## Hatua ya 10: Itunze bila kuiharibu

Usiing'arishe. Msasa, pamba ya chuma na dawa za kung'arisha huondoa ule ushahidi wote uliousoma hatua ya 5, na mnunuzi ajaye hatakuwa na njia ya kukuamini. Futa kwa kitambaa laini chenye mafuta mepesi, kausha, kisha paka nta nyembamba ya makumbusho kwenye chuma. Mafuta yasiguse pembe, yataipaka njano.

Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na chumvi zake hula chuma. Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga, Muscat au popote penye hewa ya bahari, tumia kasha linalofungika na vifuko vya kunyonya unyevu, ukivikausha mara kwa mara.

Piga picha pande zote, na picha za karibu za mikato ile uliyoisoma: jani lenye nikeli chini, kishimo kilichoula mstari, skurubu zenye muundo. Ziweke pamoja na barua, risiti na vibali kwenye faili moja, na nakala yake kwa mtu wa familia anayejua ni ya nini.